Ramani Isiyo na Jiko: Siku Saba Kutoka Nairobi Hadi Lamu

Siku ya 1: Nairobi hadi Mombasa

Nimepanda treni asubuhi, ramani yangu ya jengo imekunjwa ndani ya bomba la plastiki, na nilikuwa naiona ramani nzuri. Naliandika hili mapema nisije nikajidai baadaye.

Sisi ni wanafunzi wa usanifu majengo, na mradi wetu wa muhula ni nyumba ya kusubiria kujifungua mjini Lamu. Mama mjamzito kutoka kisiwa cha Pate, Ndau au Kiwayu anakuja kukaa karibu na hospitali wiki mbili tatu za mwisho, asije akashikwa na uchungu akiwa katikati ya maji. Mimi nimeichora yote Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, nikiwa nimevaa sweta.

Nilianza kama tulivyofundishwa. Nikajaza majedwali ya Mahoney, yale yanayokuambia ujenge vipi kulingana na hali ya hewa ya mahali: joto la kila mwezi, unyevu, mvua, upepo. Majedwali yakatoa jawabu lao la siku zote kwa pwani yenye joto na unyevunyevu: kuta nyepesi, vyumba vya safu moja, madirisha makubwa yanayotazamana ili upepo upite. Nikatii. Jengo refu jembamba, madirisha ya vioo ya mita mbili, paa la mabati juu ya kenchi za chuma za mita 9. Vitanda 12, kila kitanda na chumba chake. Kwenye kikao cha kukosolewa, mwalimu aliitazama ramani kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Anapika wapi?" Nikamjibu kwamba chakula kitatoka hospitalini. Akaandika kitu kwenye daftari lake bila kuinua kichwa. Wiki mbili baadaye tukatangaziwa safari.

Behewa lina kiyoyozi, kwa hiyo mabadiliko ya hali ya hewa kutoka bara hadi pwani tumeyatazama dirishani kama sinema: nyasi, vichaka vya Tsavo, mibuyu, kisha minazi. Mlango ulipofunguliwa Miritini, joto likatukumbatia wote saba kwa mpigo. Mwenzangu mmoja, tunayemwita Futi kwa sababu hatengani na futi kamba yake, alivua miwani. Ilikuwa imeingia ukungu.

Siku ya 2: Gedi

Fort Jesus tumepita haraka. Ilichorwa na Mwitaliano, Cairati, ikaanza kujengwa 1593 kwa ajili ya Wareno na mizinga yao. Ni kazi kubwa, lakini aliyeichora alikuwa anamfikiria adui, wala si mtu wa kuishi humo.

Gedi tumekaa hadi wakafunga. Mji wa mawe ulioachwa karne ya 17, miti imeota juu ya kuta, na makaburi ya nguzo, moja lina tarehe iliyochongwa: 802 Hijria, yaani 1399. Kivuli cha msitu ni kizito mno, mtu unasahau kwamba watu walipokuwa wakiishi hapa huenda hapakuwa na miti yote hii.

Mwalimu hakueleza lolote. Alitwambia tu, "Pimeni vyumba." Futi akafurahi kama mtoto wa Idi. Tumepima nyumba nne. Urefu wa vyumba unabadilika utakavyo, kuna kirefu na kifupi, lakini upana haubadiliki sana: mita mbili na nusu, mbili na robo tatu, haufiki tatu. Futi alidhani anakosea, akarudia. Kima mmoja akatumia nafasi hiyo kumchukulia ndizi.

Usiku huu Watamu nimejaribu kufikiri kwa nini. Umaskini? Hapana, hawa watu walikula kwenye vyombo vya kauri kutoka Uchina. Desturi? Sijui. Nimelala.

Siku ya 3: Malindi, Garsen, Mokowe

Siku ya basi. Vizuizi vya polisi, vitambulisho mkononi, shuka, panda. Nilipochoka na kitabu nikaanza kuhesabu mapaa. Karibu na Malindi makuti. Kuelekea Mto Tana, nyumba za kuba za Waorma, fito zilizopindwa na kufunikwa nyasi, nyumba ambayo familia ikihama inafumuliwa. Baada ya hapo mabati, mabati, mabati, mapya yakimeremeta na makuukuu yenye kutu. Sisemi mabati ni mabaya. Mwenye mabati hatafuti makuti mapya kila baada ya miaka michache, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu asiye na muda. Ila nilitazama lile jua. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linasimama karibu utosini, na kinachopigwa si ukuta, ni paa. Mimi nilitumia wiki tatu kuchora vivuli vya madirisha ya kusini na kaskazini.

Mokowe tukapanda boti. Gatini Lamu mizigo ilikuwa ikishushwa: saruji, magodoro, friji. Kila kitu kinapakiwa kwenye punda au mkokoteni na kuingia vichochoroni. Nikamwona punda mmoja akijaribu kukunja kona na fito za mita nne ubavuni. Mwenyewe akamrudisha nyuma, akamwinamisha, fito zikakwaruza ukuta, akapita.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu nami. Akaniuliza kwa upole, "Kenchi zako mita ngapi?"

Siku ya 4: Mkomani

Tumegawanywa wawiliwawili. Mimi na Futi tumepewa nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, ya bibi aliyepita miaka themanini.

Nimesimama mlangoni na shikamoo yangu. Kutoka ndani ikaja sauti: "Marahaba. Ndoo, mwanangu, ndoo." Nikatazama huku na huku natafuta ndoo. Nikafikiri labda anataka kuchotewa maji. Mjukuu wake, msichana wa miaka tisa hivi, akaangua kicheko: kwa Kiamu *ndoo* ni *njoo*.

Aliyeambiwa aje ni mimi. Futi amefika dakani tu. Daka ni kibaraza cha mbele kilichoingia ndani ya ukuta, chenye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana, na hapo wageni wanaume ndipo penye heshima yao. Akaketishwa, akaletewa kahawa na kaimati, akaambiwa apumzike. Mpimaji wetu mashuhuri amepumzishwa saa nne nzima. Mimi nikachukua futi kamba yake, na mjukuu akashika ncha ya pili.

Ukitoka dakani unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inakunja kona. Nimerudi mlangoni mara tatu kuhakikisha: mlango ukiwa wazi kabisa, mpita njia anaona ukuta mweupe na basi. Baada ya kona, mwanga unakumwagikia wote: kiwanda. Kwa Waamu kiwanda si mahali pa mashine, ni ua wa ndani ulio wazi juu. Nyumba nzima inapumua kupitia hapo. Madirisha ya nje ni kama hakuna. Kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, vyumba virefu vinavyofuatana kama kurasa, kila kimoja sakafu yake imeinuka kidogo kuliko kilichotangulia na mwanga wake umepungua kidogo. Mwisho kabisa, ndani. Ukuta wake umejaa zidaka, safu juu ya safu za vijidirisha visivyotokea popote, vimenakshiwa kwa chokaa, na humo zamani zilipangwa sahani na bakuli za fahari.

Upana: 2.75. 2.80. 2.70. Nilipoandika namba ya tatu nikakumbuka Gedi, nikapata baridi mgongoni, kwenye joto lile.

Bibi akataka kujua nachora nini. Nikakunjua ramani yangu sakafuni. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaweka kidole kwenye dirisha langu la mita mbili.

"Hapa ni pa kuuzia nini?"

Nikamweleza ni dirisha, la upepo. Akaguna. Kidole kikahamia vyumbani, kikapita kitanda kimoja kimoja mpaka cha kumi na mbili.

"Hawa hawana mama zao?"

"Wanao, bibi."

"Wako wapi?"

Sikuwa nimewachora. Akaanza kunihesabia kwa vidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto: mama mzazi au shangazi, lazima. Mtoto mdogo ambaye hajazoea kulala mbali na mamake, lazima. Jirani wa kuleta na kurudisha habari, anakuja na kuondoka. Kwa hiyo kitanda kimoja ni watu watatu, wanne. "Na wiki tatu zote atakula mkono wa nani?"

Nikamwambia kuhusu chakula cha hospitali. Hakujibu. Alinitazama tu, kwa huruma nadhani, akamwagiza mjukuu aniletee maji.

Nilipokuwa napima ndani, ncha ya futi kamba imekaa kwenye kona ya sakafu, akasema kutoka mlangoni bila kupandisha sauti, "Mimi nilizaliwa hapo. Na mama yangu alioshwa hapo hapo."

Chumba cha ndani kabisa ndicho kilichokuwa cha kuzalia, na ndicho cha kuoshea maiti. Nikavuta futi ikajikunja yenyewe. Kona ile sikuiandika.

Siku ya 5: Vipimajoto na fundi

Jana nilimwomba bibi ruhusa nikaacha vipimajoto viwili. Saa nane mchana, kivulini nje 31, msana wa yuu 28. Nikafurahi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, unalimeza joto polepole na kukaa mchana kutwa chini ya jua bila kulipitisha. Mahoney alinikataza kuta nzito, na hizi hapa zinafanya kazi.

Saa nne usiku: nje 27, msana wa yuu 29. Ukuta unalipa deni. Joto lote ulilomeza mchana unalirudisha kwa waliolala, na huu ni mwezi wa Machi, maleleji, kaskazi imeshachoka na kusi haijaja. Ndani mle hewa imesimama na feni ya bibi inaikoroga tu. Wanaopenda kusema wazee wetu walijua kila kitu, nawaombea usiku mmoja wa Machi mle ndani.

Ila wazee hawakulala mle ndani usiku wa Machi. Mjukuu amenipandisha ngazi hadi juu, na huko kuna nyumba nyingine kabisa: paa la makuti, pande ziko wazi, ukuta mfupi wa kiunoni, mikeka. Upepo mdogo ambao huko chini hata hausikiki, huku unageuza kurasa za daftari. Chini mawe ya mchana, juu makuti ya usiku. Majedwali yangu yalikuwa sahihi kwa nusu moja ya saa ishirini na nne, na mawe kwa nusu nyingine, nami nilikuwa nimelazimisha jengo moja lichague.

Nimeandika hayo kwa furaha, kisha nikajiuliza: mama wa miezi minane na nusu atapanda ngazi hizi kila usiku? Furaha ikapungua.

Asubuhi tulikuwa na fundi mwashi. Amelaza boriti chini, mti wa mkoko uliomenywa gamba, mweusi mzito kama chuma. Futi ameupima kabla ya kuambiwa. Ukitoa pande mbili zinazolala ukutani, inabaki mita mbili na robo tatu na kitu.

"Ukirefusha," fundi akasema, "boriti inaanza kuota tumbo. Ikishaota tumbo, dari inafuata."

Basi ndilo hilo tu. Si umaskini wala imani. Gedi, Mkomani, karne kwa karne, mti mmoja ndio uliochora vyumba, na watu wakajifunza kuishi kwa urefu. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hata hivyo kukata kunahitaji kibali, na fundi analalamika kwamba boriti nzuri nene zinazidi kuwa adimu.

Kisha akatuonyesha nyumba iliyopigwa lipu ya saruji miaka mitatu iliyopita. Akaweka kidole gumba, akasukuma kidogo. Kipande cha ukubwa wa chapati kikaanguka, na nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Matumbawe yana chumvi na yanavuta unyevu, chokaa inauacha utoke, saruji inaufungia. Unyevu ukikosa mlango unavunja ukuta. Futi akauliza chokaa inachukua muda gani kuwa tayari. "Tanuu ni siku chache. Kuivisha ni miezi." Mwalimu akacheka. Muhula wetu una wiki kumi na nne.

Siku ya 6: Gatini, kisha uwanjani

Leo nimekaa gatini na daftari, kwa wanawake wanaoshuka mashuani. Nilichojifunza kwanza ni saa. Mlango mkuu wa ramani yangu ulikuwa upande wa barabara, na saa za kazi nilizoziandika ni mbili hadi kumi na moja. Anayetoka Faza au Kizingitini kwa mfereji wa Mkanda hasafiri kwa saa hizo, anasafiri kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Bamvua ikitoa maji, mfereji unakauka na mashua inakaa kwenye tope pamoja na mikoko hadi maji yarudi. Mama mmoja aliniambia mara ya mwisho alifika Lamu saa nane usiku, na waliomleta, mumewe na nahodha, walikaa chini ya taa ya barabarani hadi asubuhi kwa sababu hapakuwa na mahali pa wanaume.

Daka! Nikaandika neno hilo kwa herufi kubwa nikalizungushia duara. Mabaraza mawili ya mawe, paa, taa, maji ya kunywa, yakitazama bahari.

Muuguzi mmoja ametupunguzia mbwembwe. Nilimwonyesha mchoro mpya wa haraka: kuta nzito zinazozunguka kiwanda chenye jiko, na upande mmoja, chini, bila ngazi, banda jepesi la kulala usiku, upande wa nje ukuta, upande wa kiwanda mbao za kupitisha upepo. Paa la makuti. Akasema kila kitu kizuri isipokuwa makuti. Wadudu, vumbi, na moto jirani na jiko. Yeye anataka kitu cha kuoshwa. Tumebishana kidogo, ameshinda. Itakuwa mabati, na chini yake dari ya boriti, na katikati nafasi ya hewa iliyo wazi pande zote mbili ili joto la paa litoroke kabla halijafika kwa mtu. Mwalimu anasema nitalazimika kuithibitisha kwa hesabu. Nitaithibitisha.

Jioni fundi ametupa ndoo ya chokaa (ndoo kweli, safari hii) na tumechora jengo zima uwanjani kwa ukubwa wake halisi. Futi ametumia kamba na vigingi, pembe zake zote ni za mraba kamili. Tukawaita wanawake watano. Mmoja, wa mwezi wa nane, ametembea polepole kutoka dakani, akakunja kona ya tekani kana kwamba ukuta upo, akafika chumbani, akajishusha kwenye mkeka tuliouweka mahali pa kitanda. Akakaa kimya. Akageuza kichwa mlangoni. Kisha akainuka kwa kushika bega langu, na kwa kisigino cha kandambili akafuta mstari wangu wa kitanda.

"Kikae huku," akaonyesha ukuta wa pili. "Nimuone anayeingia kabla hajaniona."

Imebidi mlango usogee sentimita 60. Mlango uliposogea, jiko nalo likasogea, likapata upepo zaidi. Mwenzangu mwingine amesema ni bahati. Inawezekana.

Wanawake walipoondoka, watoto waliokuwa wakitutazama wakaona mistari mizuri ya chokaa iliyokaa bure. Ndani ya dakika tano kulikuwa na mechi. Kipa mmoja alisimama jikoni.

Siku ya 7: Mokowe hadi nyumbani

Boti ya alfajiri, kisha basi. Wengi wamelala kabla ya Witu.

Futi hakulala. Amefungua daftari lake kwenye ukurasa wa nyumba ya bibi. Daka limepimwa vipimo kumi na vinne, hadi urefu wa baraza na kina cha kizingiti, hata kikombe cha kahawa amekichora. Baada ya mlango, karatasi ni nyeupe.

"Nisomee," akaniambia.

Nikafungua langu. Tekani, 1.60 kwa 2.10, inakunja kushoto. Kiwanda. Msana wa tini, 2.75. Msana wa yuu, 2.80, sakafu imepanda. Akawa anachora kwa penseli, basi linaruka na mistari yake inaruka nalo, na kila nikimtajia chumba ananyamaza kidogo, kama anaingia.

"Ndani, 2.70. Zidaka safu tano."

"Na hii kona?"

"Hiyo iache wazi," nikamwambia.